Kibuyu Kifuani

Bugando waliniruhusu tarehe ishirini na tatu,
mimi, mfuko wa dawa, na picha ya mapafu
niliyoikunja kama kalenda ya mwaka unaokwisha.
"Kushoto bado kuna ukungu," daktari alisema,
kama nahodha anayeambiwa asubiri.

Dada yangu Nyanzobe anakaa Igogo, juu,
mawe yanapoanza kubebana.
Ngazi mia na kumi na tisa. Ninajua
kwa sababu kila ya kumi nilikaa.
Mtoto wa jirani alinipita mara tatu:
na kuku, bila kuku, na soda.

Krismasi niliila kwa pua.
Pilau lilipita dirishani likienda kwa wazima.
Mimi uji wa ulezi, supu ya sato isiyo na pilipili,
blanketi, na vidonge vyekundu saa mbili kwa saa mbili.
Mvua ilipiga bati, ikaondoka,
mawe yakafuka mvuke,
na kule chini ziwa lilikuwa rangi ya sufuria kuukuu.

Usiku kifua kikaanza mlio.
Uzi mmoja. Unapanda, unashuka, unakwama.
Nikazuia pumzi ili nisikilize,
na pumzi ndiyo iliyokuwa ikilia.

Lushinge.

Miaka thelathini sijalitamka jina hilo.
Mlinzi wa jineri ya pamba, ng'ambo ya Magu,
mwenye rungu ambalo hata mbuzi hawakuliogopa.
Rungu lilisimama mlangoni, yeye alikaa na ndono:
upinde, waya mmoja,
kibuyu kilichokatwa mdomo.
Alivua shati kwanza, hata Julai, hata kwa baridi.
"Shati ni blanketi," alisema, "sauti italala."
Akakibana kibuyu kifuani, akakiachia,
akakibana, ufito ukichapa waya,
na sauti ile moja ikazaa mapacha.

Sisi tulilala juu ya marobota, pamba puani,
tukimsikia akiimba habari za mizani ya chama
iliyokuwa na kilo zake yenyewe,
za mke aliyeondoka na redio
akamwachia betri.
Baba alicheka hadi akasahau kuhesabu magunia.
Mwaka huo tulipunjwa mawili.

Alikufa jineri ilipofungwa,
si kwa huzuni, kwa ngiri.
Kanda yake ilikuwa moja tu. Mpwa wake
aliirekodia mahubiri juu yake, pande zote mbili.
Kabla ya mhubiri zimebaki sekunde sita:
kiti kinalalamika,
Lushinge anakohoa, kikohozi kirefu, chenye makohozi,
kisha anasema, "Haya, tuanze."
Kisha Haleluya.

Wodini mwanafunzi wa udaktari alinigonga mgongo
kwa vidole viwili, polepole, sikio karibu,
akitafuta palipojaa na palipo tupu.
Nilitaka kumwambia, mwanangu,
nilishamwona mtu akifanya hivyo kwa waya.
Lakini nilikuwa na kipimajoto mdomoni.

Mkesha wa mwaka mpya meli zilipiga honi bandarini,
watoto wakapiga masufuria mawe kwa mawe,
mbwa wa Igogo nzima wakajibu.
Nyanzobe alikuwa jikoni, mlango wazi.
Juu ya mtungi palikuwa na kata ya kibuyu, kavu.

Nilivua shati. Baridi ikanishika.
Nikaibandika kata hapa, kushoto, kwenye ukungu,
nikavuta pumzi, nikaiachia,
nikaibana tena.
Hapakuwa na wimbo, nisidanganye.
Palikuwa na mkwaruzo, na chini ya mkwaruzo
kitu kinachodunda bila kuulizwa,
nacho kilisikika mara mbili: ndani yangu, na ndani ya kata.

Nikakohoa kikohozi kirefu.
Nikasema, "Haya, tuanze."

"Tuanze nini?" Nyanzobe akaita toka jikoni.
"Na hiyo kata unaipeleka wapi?"

Nikafikiri kidogo.
"Tuanze na pilau," nikasema. "Kijiko kimoja."